Toka Moja Hadi Kumi

Nesi ameuliza tena, kalamu juu ya faili:
"Bibi, toka moja hadi kumi, maumivu leo ni ngapi?"
Nikasema sita.
Sita ndiyo namba ya adabu.
Ukisema tisa wanakutazama kama uliyekuja na jeneza lake;
ukisema tatu unapewa panado na njia ya kurudi Hombolo.

Lakini nyumbani sihesabu hivyo.

Nyumbani nina vifungo. Blauzi ya kijani ina saba.
Nikivimaliza vyote kabla chai haijapoa,
siku hiyo ni yangu, hata kuku wanaijua.
Nikikwama kwenye cha nne, navaa sweta juu.
Na zipo siku za dera,
nguo isiyouliza kitu.

Nina mwiko pia. Ugali wa uwele unataka mabega.
Nina mfuniko wa kopo la chumvi.

Upepo wa Juni kwetu haubishi hodi.
Saa kumi alfajiri unapita kwenye nyufa za dirisha,
vifundo vya vidole vinaamka kabla yangu,
vinaanza kusema, kila kimoja na lake.
Nachemsha maji, namimina kwenye beseni,
nazamisha mikono kama mihogo,
nahesabu mia mbili.
Kidole gumba cha kulia kinadai mia nyingine.

Miaka ishirini na sita nilipogoa zabibu kwa Chiwanga,
mkasi mkononi, kamba za katani mdomoni.
Macho matatu, kata. Macho matatu, kata.
Mkono ulijua wenyewe, mimi nikiwaza ada za shule.
Mwezi Mei nilipita kando ya shamba lile,
nikasikia mikasi ya wasichana, ka, ka, ka,
na mkono wangu, ndani ya mfuko wa sweta,
ukajikunja kuifuata,
ukakata hewa.

Majirani wana dawa.
Mchiwa kaleta mafuta ya nyoka kwenye chupa ya sharubati.
Mchungaji kaishika mikono yangu ndani ya yake;
ikapata moto, nikamshukuru, kisha ikapoa.
Ndahani kapiga simu toka Mwanza: "Mama, utapona lini?"
Nikamjibu, mvua ikikolea.
Akasema, "Basi ni karibu."
Ameshaisahau Dodoma, mwanangu.

Daktari alisema kweli, na kwa hilo namheshimu:
baridi yabisi haiondoki, tutaituliza.
Akasema, usibebe ndoo.
Sikumwuliza nani ataibeba.
Nilinunua vidumu viwili vya lita tatu,
nikaenda bombani mara nne.
Wenye ndoo walinipita, wakanipita tena wakirudi.
Pipa lilijaa vilevile, jua likiwa limeshazama.

Wananiita mvumilivu.
Neno hilo ni blanketi fupi:
ukifunika kichwa, miguu iko nje.
Kuna usiku naitukana mikono hii kwa Kigogo,
matusi ambayo marehemu mama hakujua kuwa nayajua,
kisha naiweka kifuani, maana
itakwenda wapi nyingine?

Juzi nilikuwa macho. Taa ya sola ilikuwa hafifu.
Nikamwona Nyemo, mjukuu wangu, miaka saba,
ananyata hadi jikoni, anashika kopo la chumvi,
analilegeza, anarudisha mfuniko kidogo tu,
ananyata kurudi kitandani.
Kumbe.
Miezi yote ile niliyodhani vidole vinapata nafuu.

Asubuhi nikaufungua mfuniko mbele yake, nikatamba:
"Tazama! Bibi yako bado simba!"
Akacheka mpaka uji ukamtokea puani.
Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Nesi bado anangoja.
Andika sita, mwanangu, ndivyo faili linavyotaka.
Ila pembeni hapo, kama wino unatosha,
andika: leo vitano.
Viwili vya juu amefunga mtoto.